Muda wa Karatasi na Haki ya Kukaa



Imekuwa desturi ya Chama chetu kuweka katika taarifa ya kila mwaka, baada ya hesabu ya fedha na habari za mazishi na masomo, makala moja ya historia, ili vijana wajue walikotoka na wazee waone kwamba hawakusahauliwa. Mwaka huu jambo lililochaguliwa ni karatasi za kukaa nchini. Sababu yake ni nyepesi. Hakuna swali linaloletwa mara nyingi mezani kwa karani kuliko hili: mtu aliingia kwa ruhusa ya muda, muda ukapita, naye hakurudi kwao wala hakuomba mwingine, je, haki yake imekwisha kabisa, au yaweza kurudishwa? Mwenye kuuliza huwa hasemi habari za nafsi yake. Husema ni habari za shemeji, au za mpangaji, au za binti aliye Arabuni. Lakini uso wake huonyesha kwamba jambo hilo limo nyumbani mwake, na kwamba usiku halali vema.

Jibu la swali hilo halitoki katika sheria peke yake. Latoka pia katika mambo yaliyowapata watu waliotutangulia, wengine wao katika vichochoro hivi hivi. Basi na tuyatazame kwa utaratibu.

Zama za majahazi

Mtaa wetu wa Kuze umo ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, na Bandari ya Kale haiko mbali. Kwa karne nyingi watu walioshuka katika bandari hiyo hawakuulizwa karatasi. Upepo ndio uliokuwa ruhusa yao. Kaskazi, ambayo huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, ilileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Na Kusi, kuanzia mwezi wa Aprili, iliyarudisha. Mgeni aliyepitwa na msimu alingoja msimu mwingine, na mwenyeji aliyempokea ndiye aliyekuwa dhamana yake. Akikopa, mwenyeji aliulizwa. Akigombana, mwenyeji aliitwa. Akifa, mwenyeji alimzika.

Hivyo ndivyo Washihiri wa Hadhramaut walivyoingia katika nyumba za mji huu, na ndivyo wavuvi wa Pemba walivyopiga kambi katika pwani zetu wakifuata samaki, wengine wakarudi na wengine wakabaki. Aliyeoa, akazaa, akazika watoto wake katika ardhi hii, alihesabiwa kuwa mtu wa hapa. Hakuna aliyesema kwamba muda wake umekwisha, kwa kuwa hapakuwa na muda uliowekwa. Watu walisema tu, "Anajulikana," na neno hilo lilikuwa cheti cha kutosha.

Wazee wengi hata leo hulipenda neno hilo, nao wana haki. Lakini yatupasa tukumbuke kwamba lilikuwa na nguvu kwa sababu waliolisema ndio waliokuwa wenye kuamua. Siku mamlaka ya kuamua ilipohamia ofisini, kwa watu wasiojua nani ni mtoto wa nani, neno "anajulikana" lilibaki kuwa kweli, lakini halikuweza tena kumfungulia mtu mlango.

Karatasi zinaanza

Tarehe 14 Desemba 1895 palifanywa mapatano baina ya Sultani wa Zanzibar na Serikali ya Uingereza, na mwambao wa maili 10 ukawekwa chini ya utawala wa Waingereza, huku ukibaki ni milki ya Sultani. Mwaka wa 1920 nchi ya bara ikafanywa Koloni, na mwambao ukabaki Himaya. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus mpaka mwaka wa 1963. Kwa hiyo katika mji mmoja waliishi raia wa Sultani, watu waliozaliwa katika Koloni, watu wa Bara Hindi, na watu wa Arabuni, kila mmoja akiwa na daraja lake katika vitabu vya Serikali, ijapokuwa maji waliteka kisima kimoja.

Karatasi ya kwanza iliyomfuata Mwafrika kila aendako ilikuwa ni kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka wa 1915, na ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanamume Mwafrika alitakiwa awe nacho, chenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na mshahara wake, nacho kilitiwa ndani ya kikasha cha bati na kuvaliwa shingoni. Kazi yake kubwa ilikuwa kumzuia mtu asiache kazi bila idhini ya tajiri. Aliyetoroka kazini alikuwa na kipande kisichotiwa sahihi ya kuachiwa, na hiyo peke yake ilitosha kumpeleka mahakamani. Mwaka wa 1947 ikatungwa sheria ya kuandikisha watu wa kila rangi, baada ya manung'uniko ya miaka mingi.

Mwaka wa 1948 ikaanza kutumika sheria ya kudhibiti uhamiaji, iliyogawa ruhusa za kuingia kwa aina: ya mkulima, ya mfanya biashara, ya mwajiriwa, ya mtegemezi, ya mwanafunzi, ya mzuru. Nyingine ziliwekewa mwisho. Hapo ndipo neno "muda" lilipoingia katika maisha ya watu wa Bandari ya Kale. Zamani jahazi lilingoja upepo. Sasa abiria alitakiwa ajue tarehe.

Miaka 2 ya 1963 hata 1965

Sasa tufike kwenye tukio ambalo kila jamaa ya Mji wa Kale yapasa ilijue, kwa maana mizizi ya taabu nyingi za leo imo humo.

Tarehe 8 Oktoba 1963, huko London, Bwana Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Bwana Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walipatana kwamba mwambao uungane na Kenya, na kwamba dini ya Kiislamu, mahakama za Kadhi na hati za ardhi zilindwe. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Je, nani akawa raia?

Katiba ya uhuru iliwagawa watu kwa namna hii. Mtu aliyezaliwa Kenya, akiwa chini ya Uingereza au chini ya ulinzi wake, na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya, alikuwa raia siku ile ile bila kuomba. Lakini mtu aliyezaliwa Kenya ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa nje, huyo hakuwa raia mpaka aombe. Alipewa miaka 2, mpaka tarehe 12 Desemba 1965.

Tufikiri habari za vijana wawili wa kichochoro kimoja. Wamezaliwa mwaka mmoja, wamesoma chuo kimoja, wanasema Kimvita kile kile. Wa kwanza mama yake amezaliwa Mombasa. Wa pili baba na mama walishuka pamoja kutoka Shihr. Siku ya uhuru wa kwanza alilala akiwa raia. Wa pili alilala akiwa na muda. Hapakuwa na alama yoyote usoni mwao ya kuwatofautisha, na pengine wao wenyewe hawakujua.

Wengi walichelewa. Wengine walisita kuacha pasi ya Kiingereza waliyokuwa nayo, kwa kuwa uraia wa nchi mbili haukukubaliwa. Wengine walidhani kuzaliwa hapa kwatosha. Wengine walipeleka maombi siku za mwisho kabisa, na baadhi ya maombi hayo yakakaa ofisini muda mrefu bila jibu.

Mwaka wa 1967 zikatungwa sheria mbili. Sheria ya Uhamiaji, iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo, ilimtaka kila asiye raia awe na idhini ya muda, hata kama ameishi hapa miaka 40. Na Sheria ya Leseni za Biashara ilimzuia asiye raia kufanya biashara katika sehemu kadha wa kadha na kuuza bidhaa kadha wa kadha. Kwa mtu aliyepitwa na tarehe ya 1965, ilikuwa ni kama kuvuliwa kanzu na kofia kwa pamoja: ruhusa ya kukaa ilikuwa ya muda, na ruhusa ya kutafuta riziki ilikuwa na mipaka.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1962 ilipata watu wa asili ya Bara Hindi 176,613 katika Kenya. Wengi kati yao walishika pasi za Uingereza. Walipoanza kuondoka kwa wingi, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwa siku chache tu, ikaanza tarehe 1 Machi 1968, ya kuwazuia wenye pasi hizo wasio na mzazi wala babu wa Kiingereza. Waliruhusiwa kwa kiasi, vocha 1,500 kila mwaka kwa wakuu wa jamaa. Basi watu hao walisimama mlangoni mwa nyumba mbili, na kila nyumba iliwaelekeza kwa nyingine. Mwaka wa 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba kuwabagua kwa rangi namna ile kulikuwa kuwadhalilisha. Na mwaka wa 2002 Bunge la Uingereza likatunga kifungu cha kuwaruhusu wenye pasi za ng'ambo za Kiingereza, wasio na uraia mwingine, waandikishwe kuwa raia kamili. Haki ilirudi, lakini baada ya miaka 34. Wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha zikwa.

Nimeeleza habari hizi kwa urefu ili wanachama waone mambo mawili. La kwanza, tarehe ikipita, si kila mara haki hufa. La pili, kuirudisha kwaweza kuwa kazi ya maisha ya mtu mzima, ilhali kuomba kabla ya tarehe kungalikuwa kazi ya asubuhi moja.

Wamakonde, Washona na Wapemba

Habari zilizotangulia zaweza kuwavunja watu moyo. Zifuatazo zinatia moyo, nazo zimetokea katika umri wetu.

Wamakonde waliletwa Pwani ya Kenya kutoka kaskazini mwa Msumbiji katika zama za Waingereza, wafanye kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, hasa upande wa Kwale. Kazi ilipokwisha hawakurudi. Walizaa watoto na wajukuu, wakachonga vinyago vinavyojulikana duniani kote, lakini wakabaki bila vitambulisho. Asiye na kitambulisho hawezi kufungua hesabu ya benki, wala kununua shamba kwa jina lake, wala kupiga kura. Na mtoto wake hupata taabu ya kupata cheti cha kuzaliwa.

Katiba mpya ya mwaka wa 2010 na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 zilifungua mlango. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyeishi Kenya tangu 12 Desemba 1963, aweza kuandikishwa kuwa raia. Kati ya masharti yake ni kwamba awe anajua Kiswahili au lugha ya mahali anapoishi, asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, na awe na nia ya kukaa daima. Wahamiaji wa zamani waliokuwa hapa tangu tarehe hiyo, na wazao wao, nao walitajwa. Lakini mlango huo nao ulikuwa na muda: miaka 5, tangu 30 Agosti 2011 hata 30 Agosti 2016.

Miaka mitano ikapita, nao Wamakonde bado hawana kitu. Wangeweza kusema kwamba basi, tumepitwa kama waliopitwa mwaka wa 1965. Hawakusema hivyo. Mwezi wa Oktoba 2016, muda ukiwa umekwisha tayari, mamia yao, wakubwa kwa wadogo, walifanya safari kutoka Kwale hadi Nairobi, wakisaidiwa na watetezi wa haki za binadamu, wakaenda mpaka Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akawaomba radhi kwa kuwa walikawizwa, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwezi wa Desemba kwisha. Muda wa sheria ukaongezwa miaka 3, mpaka Agosti 2019. Mwanzoni mwa mwaka wa 2017 zaidi ya 1,000 kati yao walikuwa wamepata vitambulisho, nao wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya.

Washona nao walikuja kutoka nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kusini, karibu na mwaka wa 1960, wakiwa wahubiri na wafuasi wa kanisa lao, wakakaa Kiambu na Nairobi wakifanya useremala na kusuka vikapu. Walikaa miaka 60 bila uraia. Tarehe 12 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda wangeandikishwa, na mwezi wa Julai 2021 wakapewa vyeti.

Kisha wakafuata Wapemba, ambao ni jirani zetu na jamaa zetu. Wavuvi hawa wa Kilifi na Kwale waliishi kwa kujificha kwa muda mrefu, kwa kuwa asiye na kitambulisho hawezi kupata leseni ya kuvua. Basi aliyelelewa na bahari alikwenda baharini kwa hofu. Mwaka wa 2023 Serikali ya Rais William Ruto iliwatambua rasmi kuwa ni mojawapo ya jamii za Kenya.

Je, hawa walifanikiwa kwa njia gani, ilhali wengi wa mwaka wa 1965 walishindwa? Nadhani ni kwa mambo matatu. Walikwenda wengi kwa pamoja, wala hakwenda mtu mmoja mmoja kuvizia karani. Walikuwa na orodha za majina, za nyumba na za wazee wao. Na walikuwa na majirani waliokubali kusimama na kusema, "Watu hawa tunawajua." Tazameni, wazee wangu: neno lile lile la zamani, "anajulikana," lilipata nguvu tena, lakini sasa likiwa limeandikwa na kutiwa sahihi.

Hali ya mgeni katika sheria ya sasa

Hao walikuwa watu waliokwisha kuwa wenyeji. Mgeni aliyekuja juzi hali yake ni nyingine, na si vema kumdanganya kwa mifano isiyokuwa yake.

Mgeni akiingia Kenya kwa matembezi hupewa ruhusa yenye tarehe. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama vile jamaa zetu wa Tanga, Unguja na Pemba, huweza kupewa mpaka miezi 6, na mapatano ya Soko la Pamoja, yaliyoanza Julai 2010, yanawaruhusu kutafuta kazi. Lakini hata wao hutakiwa wawe na hati ya kazi wakiajiriwa. Tarehe ikipita, sheria ya 2011 humhesabu mtu kuwa yumo nchini kinyume cha sheria, na adhabu yaweza kufika faini ya shilingi 500,000, au kifungo cha miaka 3, au yote mawili.

Mwenye kusoma maneno haya aweza kuingiwa na hofu, akaamua kujificha. Huo ndio ushauri mbaya kuliko wote, japo ndio unaotolewa kila siku vibarazani. Mtu aendaye ofisi ya Uhamiaji mwenyewe, kabla ya tarehe, akaomba nyongeza, yu katika haki yake. Aendaye siku chache baada ya tarehe, akiwa na pasi yake, na barua ya mwenyeji wake, na sababu ya kweli kama vile maradhi au msiba, aweza kutozwa, aweza kukemewa, lakini ana neno la kusema. Aliyekamatwa barabarani baada ya miaka mitatu, neno lake ni dogo. Mwaka wa 2018, kuanzia mwezi wa Mei, Serikali iliwapa wageni siku 60 wapeleke vibali vyao vikaguliwe. Siku hizo zilipokwisha, msako ukafuata. Hiyo ndiyo kawaida ya serikali zote: kwanza mlango, kisha askari.

Na yafaa wanachama wajue kwamba Katiba haikumwacha mgeni mtupu. Kila mtu, awe raia au asiwe, ana haki ya kuelezwa kwa maandishi sababu ya uamuzi unaomdhuru, na mtu aliyekamatwa hutakiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata.

Jamaa zetu walio Ghuba

Jambo hili lina upande wa pili. Kama tulivyokuwa wenyeji wa wageni, ndivyo watoto wetu walivyo wageni wa watu. Wanaume na wanawake wengi wa Pwani wamekwenda Saudia, Imarati, Qatar, Kuwait na Omani kufanya kazi. Huko karatasi ya kukaa hufungwa kwa jina la kafili. Mtumishi akiondoka kwa kafili wake, hata kama ameondoka kwa kunyimwa mshahara, aweza kuandikwa kuwa ni mtoro, na hapo ruhusa yake ya kukaa hupotea. Wazee waliovaa kipande shingoni wangalilifahamu jambo hilo mara moja.

Lakini huko nako hufunguliwa milango ya muda. Saudia mwaka wa 2013 iliwapa wageni nafasi ya kurekebisha hali zao, tangu mwezi wa Aprili mpaka tarehe 3 Novemba, ama kwa kuhamia kwa mwajiri mwingine, ama kuondoka. Na mwaka wa 2017 ikatoa nafasi nyingine ya siku 90 ya kuondoka bila faini. Imarati ilifungua mlango tarehe 1 Septemba 2024 kwa miezi 2, kisha ikauongeza mpaka 31 Desemba. Aliyetaka kubaki aliruhusiwa kurekebisha, na aliyetaka kurudi aliruhusiwa kurudi bila kupigwa marufuku. Kila mara kuna walioupata msamaha na kuna waliousikia baada ya kufungwa. Mara nyingi tofauti yao ni hii tu: mmoja jamaa zake walimwambia, mwingine hawakumwambia.

Na kuna waliokwisha chukua uraia wa nchi za nje katika zama ambazo sheria yetu iliwanyang'anya uraia wa Kenya kwa kufanya hivyo. Katiba ya 2010 inasema kwamba raia wa kuzaliwa aliyeupoteza uraia wake kwa sababu hiyo ana haki ya kuurudishiwa akiomba. Lakini kwanza aulize sheria ya huko aliko, kwa kuwa si kila nchi inakubali mtu awe na uraia wa mbili.

Mafunzo na ombi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Historia hii yatuonyesha kwamba si mali tu. Hata mtu bila daftari aweza kupotea, naye yu hai, amekaa barazani pake.

Basi kwa idhini ya wazee naleta maombi manne mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, kila jamaa ya Chama iandike katika daftari mahali alipozaliwa baba, mama, na babu na bibi wa pande zote mbili, wakati wazee wanaokumbuka wangali hai, kwa maana swali la mwaka wa 1963 lilikuwa "Mzazi wako alizaliwa wapi?" na hata baadaye watu wengi wa Pwani waliulizwa swali hilo walipoomba kitambulisho. Pili, mwenye mgeni nyumbani ajue tarehe ya karatasi ya mgeni wake kama ajuavyo tarehe ya kodi, na amkumbushe mwezi mmoja kabla. Tatu, mwanachama mwenye jamaa Ghuba atuachie jina lake na njia ya kumpata, ili mlango wa msamaha ukifunguliwa tumfikishie habari. Nne, mtu mwenye shida asiende peke yake, wala asimpe fedha dalali wa kichochoroni anayeahidi kumaliza mambo kwa siku moja. Aje kwa Chama, tumtafutie wakili na mashahidi, twende naye.

Najua wako watakaosema kwamba Chama kisijiingize katika mambo ya wasio na karatasi, tusije tukahesabiwa kuwa twawaficha. Neno hilo ni la busara, na lazima lijibiwe. Kumficha mtu si kazi yetu, wala hatutaifanya. Lakini kumsindikiza mtu mpaka mezani pa Serikali, mchana, akiwa na majina ya mashahidi wake, ni kinyume cha kumficha. Ndiyo kazi ile ile aliyoifanya mwenyeji wa zamani pale mgeni wake aliposhuka jahazini: kusema kwamba huyu ni mtu wangu, na dhamana ni juu yangu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mwaka wa 1965 haukuzibwa, na wajukuu bado wanajenga. Tusiwaachie wetu kazi hiyo.

Wakatabahu,
Karani wa Chama, Kuze, Mombasa.